Mwongozo kamili: kutumia mvutano wa Mshtarii kukirusha chombo nje ya mfumo wa Jua

Vyombo vitano vilivyotengenezwa na binadamu viko njiani kuliacha Jua bila kurudi: Pioneer 10, Pioneer 11, Voyager 1, Voyager 2 na New Horizons. Vyote vitano vilipita kwanza kwa Mshtarii, sayari ambayo wengi tuliisoma shuleni kwa jina la Jupita. Vinne visingeweza kuondoka bila msaada wake. Cha tano, New Horizons, kilirushwa Januari 2006 kikiwa tayari na kasi ya kutosha, lakini nacho kilipitishwa hapo Februari 2007, kikaongeza mwendo na kufika Pluto kama miaka mitatu mapema.

Maelezo mengi ya jambo hili huishia kusema kwamba sayari "inakiongezea chombo kasi". Msomaji makini anabaki na swali la haki kabisa: chombo kikiwa kinaingia kinavutwa mbele, lakini kikiwa kinatoka si kinavutwa nyuma? Faida inabaki wapi?

Mwongozo huu unajibu swali hilo kwa hesabu. Chukua kalamu, karatasi na kikokotoo chenye sini na kosini. Hata cha kwenye simu kinatosha, simu nyingi zinakionyesha kamili ukiilaza. Ukifuata hatua hizi utakuwa umepanga kwa mkono wako safari inayokaribiana sana na ile ya Voyager 1. Hisabati inayohitajika ni ya sekondari: kanuni ya Pythagoras, kipeuo cha pili na trigonometria ya pembetatu.

Nambari za kuweka mezani

Andika hizi pembeni mwa karatasi, tutazirudia mara kwa mara:

- Umbali wa Dunia hadi Jua: kilomita milioni 149.6. Mshtarii iko mara 5.2 ya hapo.
- Mwendo wa Dunia kulizunguka Jua: km 29.8 kwa sekunde. Mwendo wa Mshtarii: km 13.06 kwa sekunde.
- Nguvu ya mvutano wa Jua, yaani G (namba isiyobadilika ya mvutano) mara uzito wake: 132,700,000,000. Ya Mshtarii: 126,700,000. Zote ni km³/s².
- Nusu kipenyo cha Mshtarii kwenye ikweta yake: km 71,492.

Tutachukulia kwamba sayari zinazunguka kwa duara kamili na zote ziko kwenye bapa moja. Si kweli kabisa, lakini kosa lake ni dogo na halibadilishi sura ya jibu.

Hatua ya 1: Jua deni lako kwa Jua

Kasi ya kuponyoka kutoka mahali popote ni kipeuo cha pili cha (2 × nguvu ya mvutano ÷ umbali). Weka nambari za Jua na umbali wa Dunia, utapata km 42.1 kwa sekunde. Dunia yenyewe inatupa 29.8, kwa hiyo deni ni 12.3.

Deni hilo linalipwa baada ya kuishinda Dunia kwanza. Chombo kinachozunguka kilomita 200 juu yetu kina kasi ya 7.8. Ili kikishatoka kwenye mvutano wa Dunia kibaki na 12.3, lazima kifikishwe 16.5, maana yake injini iongeze 8.7. Na hapo umelipa deni tu, hujabakiwa na kitu: kadiri chombo kinavyokwenda mbali ndivyo kinavyopungua mwendo, mpaka kinakaribia kusimama. Ukitaka kibaki na kasi ya kama 15.6 kikiwa mbali kabisa, injini iongeze 10.9.

Mzunguko wa Dunia unasaidia kidogo. Aliyesimama kwenye ikweta anasafirishwa kuelekea mashariki kwa km 0.46 kwa sekunde, na ndiyo mojawapo ya faida za jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Lakini mbele ya deni la 10.9, msaada wa 0.46 hauendi mbali.

Na usidhani kutoka 8.7 kwenda 10.9 ni nyongeza ndogo. Roketi inabeba mafuta ya kubeba mafuta, hivyo uzito unapanda kwa kuzidishwa. Ndiyo maana tunaitafuta Mshtarii.

Hatua ya 2: Elewa kasi inatoka wapi

Usiruke hatua hii, hata kama una haraka ya kufika kwenye hesabu.

Fikiria uko ndani ya pantoni inayovuka kwenda Kigamboni kwa mita 4 kwa sekunde. Unatembea kuelekea nyuma ya pantoni kwa mita 1 kwa sekunde. Aliyesimama ufukweni anakuona ukienda mbele kwa mita 3. Sasa geuka, tembea kuelekea mbele kwa mwendo uleule wa mita 1. Wa ufukweni anakuona ukienda kwa mita 5. Kwa waliomo ndani hujaongeza mwendo hata kidogo, umegeuka tu. Kwa wa ufukweni umeongeza 2, na hizo mbili umezipata kwa kuikanyaga pantoni, nayo imepungukiwa kiasi kidogo mno.

Mshtarii ndiyo pantoni, na Jua ndilo ufukwe. Ukiwa juu ya Mshtarii, utaona chombo kinakuja kwa kasi fulani, kinazidi kuharakisha kikikaribia, kisha kinapunguza kikiondoka, na kikifika mbali kasi yake ni ileile iliyokuja nayo. Aliyeuliza swali pale juu yuko sahihi: kilichotolewa wakati wa kuingia kinarudishwa wakati wa kutoka. Kilichobadilika ni mwelekeo. Lakini Mshtarii yenyewe inakimbia, na kwa anayetazama kutoka kwenye Jua, mwelekeo mpya unajumlishwa na mwendo wa sayari kwa namna nyingine.

Kwa hiyo kazi nzima ya mpangaji ni kutawala pembe ya kugeuka. Kila hatua inayofuata inahudumia jambo hilo moja.

Hatua ya 3: Ikatae njia ya bei rahisi

Njia inayotumia mafuta machache zaidi kufika Mshtarii ni nusu ya duaradufu inayogusa mzingo wa Dunia (njia yake ya kulizunguka Jua) upande mmoja na wa Mshtarii upande wa pili. Unaondoka ukiwa na 38.6 ukilinganisha na Jua, unafika miaka 2.7 baadaye ukiwa na 7.42. Vitabu vingi vya utangulizi huifundisha hiyo, na wengi hudhani ukishafika Mshtarii kwa njia yoyote, yaliyobaki sayari itayamaliza yenyewe. Hebu tupime.

Chombo kinafika kikielekea upande uleule wa Mshtarii lakini polepole zaidi. Kwa hiyo Mshtarii inakiona kikija kwa 13.06 − 7.42 = 5.64. Kasi ya kuponyoka Jua pale Mshtarii ilipo ni 18.47. Kama tungeweza kukigeuza chombo nyuzi 180 kamili, kingetoka na 13.06 + 5.64 = 18.70, na kingeponyoka kwa nywele.

Nyuzi 180 hazipatikani. Hata chombo kikipita kwa kugusa vilele vya mawingu ya Mshtarii, pembe inayopatikana ni nyuzi 158 tu (kanuni yake iko kwenye hatua ya 6), na kasi inayotoka ni 18.43. Imepungua kidogo sana chini ya 18.47, lakini imepungua, na Jua litakirudisha. Na hakuna mhandisi atakayekubali kugusa mawingu. Kwa umbali wa busara zaidi, kilomita 200,000 kutoka kitovu, unapata 17.95.

Naamini hili ndilo somo kubwa kuliko yote katika upangaji wa safari hizi: Mshtarii inamlipa anayefika na kasi. Mwenye kufika kinyonge anapewa kidogo. Lazima utoe zaidi kidogo wakati wa kuondoka Duniani ili upewe mara nyingi zaidi huko mbele.

Hatua ya 4: Chagua kasi ya kuondoka

Tuchague 40 km/s ukilinganisha na Jua, upande uleule Dunia inakokwenda. Hiyo ni 10.2 juu ya mwendo wa Dunia. Kutoka kwenye mzingo wa kilomita 200, injini iongeze 7.2 hivi. Linganisha na 10.9 ya hatua ya kwanza.

Bila Mshtarii, chombo hiki kingefika mara 9.2 ya umbali wa Dunia, hakijaigusa hata Zohali (Saturn), kisha kingeanguka kurudi. Kumbuka hilo utakapoona jibu la mwisho.

Kitafika Mshtarii na mwendo gani? Tumia uhifadhi wa nishati. Mraba wa kasi ya kuponyoka Jua hapa Dunia ilipo ni 1,774. Kule Mshtarii ni 341. Basi:

v² = 40² − 1,774 + 341 = 167, hivyo v = 12.9 km/s.

Sasa igawe kasi hiyo sehemu mbili. Sehemu inayofuata mzingo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka: 40 ÷ 5.2 = 7.69. Iliyobaki ni ya kutoka nje, kuliacha Jua nyuma: kipeuo cha pili cha (167 − 7.69²) = 10.38. Safari yenyewe inachukua miezi kama 17 na nusu. Voyager 1 ilirushwa tarehe 5 Septemba 1977 na kufika tarehe 5 Machi 1979, miezi 18 kamili, kwa hiyo hatuko mbali na ukweli.

Hatua ya 5: Hamia Mshtarii

Toa mwendo wa Mshtarii kwenye sehemu ya mzingo: 7.69 − 13.06 = −5.37. Alama ya kutoa inamaanisha kwamba, kwa Mshtarii, chombo kinarudi nyuma. Sehemu ya kutoka nje inabaki 10.38, kwa kuwa Mshtarii haiendi upande huo.

Pythagoras: kipeuo cha pili cha (5.37² + 10.38²) = 11.69 km/s. Hii ndiyo kasi ya kukaribia, na haitabadilika. Linganisha na 5.64 ya njia ya bei rahisi: tumeongeza 1.4 tu wakati wa kuondoka, tumefika na zaidi ya mara mbili.

Tafuta na mwelekeo wake. Chora mshale wa mwendo wa Mshtarii uelekee kulia, na Jua liwe chini. Mshale wa chombo unaelekea juu na kushoto, ukifanya pembe ya nyuzi 117 na ule wa Mshtarii. Mchoro huu utakuokoa na makosa mengi. Usijaribu kuubeba kichwani.

Hatua ya 6: Chagua umbali wa kupita, upate pembe

Kanuni ni hii:

sini ya nusu ya pembe = 1 ÷ (1 + r × v² ÷ nguvu ya mvutano wa sayari)

ambapo r ni umbali wa karibu kabisa kutoka kitovu cha sayari, na v ni kasi ya kukaribia. Soma kanuni kabla ya kuitumia: r ikikua, pembe inapungua, v ikikua, pembe inapungua. Anayekwenda mbio sana hageuzwi kirahisi. Ukilinganisha na hatua ya 3, utaona mvutano uliopo kati ya mambo mawili: kasi kubwa inakupa mtaji mkubwa, lakini inapunguza uwezo wa kuugeuza.

Upite karibu kiasi gani? Mshtarii imezungukwa na mikanda ya mionzi inayoweza kuua vifaa vya umeme. Pioneer 10 ndiyo iliyokwenda kwanza kuonja, Desemba 1973, ikapita kama kilomita 130,000 juu ya mawingu, na yaliyopimwa na Pioneer 10 na 11 yaliwafanya watengenezaji wa Voyager waimarishe vifaa vyao. Voyager 1 ilipita kilomita 349,000 kutoka kitovu, ndani kidogo ya mzingo wa mwezi Io. Voyager 2 ilikaa mbali zaidi, kama kilomita 722,000.

Tuchukue 349,000. Basi r × v² ÷ 126,700,000 = 0.376. Moja ukigawa kwa 1.376 unapata 0.727. Nusu ya pembe ni nyuzi 46.6, pembe yote ni nyuzi 93.

Hatua ya 7: Rudi kwenye Jua usome matokeo

Mshale wa chombo ulikuwa kwenye nyuzi 117. Ugeuze kuelekea upande wa mwendo wa Mshtarii kwa nyuzi 93: unabaki kwenye nyuzi 24. Urefu wake bado ni 11.69.

Sehemu ya mzingo: 11.69 × kosini ya 24 = 10.68. Rudisha mwendo wa Mshtarii: 10.68 + 13.06 = 23.74.
Sehemu ya kutoka nje: 11.69 × sini ya 24 = 4.75.
Kasi kamili: kipeuo cha pili cha (23.74² + 4.75²) = 24.2 km/s.

Kiliingia na 12.9, kimetoka na 24.2. Kuponyoka kunahitaji 18.47. Mbali kabisa na Jua kitabaki na kipeuo cha pili cha (24.2² − 341), yaani 15.6 km/s hivi, milele. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya umbali wa Dunia na Jua kila mwaka, na injini haikuwashwa hata sekunde moja.

Aliyelipa ni Mshtarii. Voyager ina uzito wa kama kilo 722. Mshtarii ina kilo 1.9 zikifuatwa na nafasi 27 za kuhamisha nukta. Gawanya, utaona kwamba upungufu wa mwendo wake, ukikusanywa kwa miaka trilioni moja, haufiki sentimita 20.

Sasa fanya jaribio la kukufundisha woga. Geuza mshale upande wa pili: nyuzi 117 jumlisha 93. Chombo kinatoka na 6.6 km/s, kikielekea ndani, kwenye Jua. Tofauti kati ya safari hizi mbili ni upande uliopita tu. Ukitaka kuongeza kasi, pita nyuma ya sayari. Ukitaka kupunguza, pita mbele yake. Kupunguza nako kuna kazi yake: Mariner 10 ilipita kwa Zuhura Februari 1974 ili ishuke hadi Utaridi, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitumia sayari moja kuifikia nyingine. Parker Solar Probe nayo ilipunguzwa na Zuhura mara kwa mara hadi ikalikaribia Jua kuliko chombo chochote.

Hatua ya 8: Lenga pembeni

Huwezi kulenga kilomita 349,000 moja kwa moja, kwa sababu Mshtarii itakuvuta ndani ukiwa njiani. Umbali wa kulenga ni:

b = r × kipeuo cha pili cha (1 + 2 × nguvu ya mvutano ÷ (r × v²))

Kwa safari yetu, b = kilomita 877,000. Yaani ukiwa mbali, chora mstari ulionyooka unaopita kilomita 877,000 nyuma ya Mshtarii. Mvutano utaukunja mpaka ufike 349,000.

Hatua ya 9: Tafuta tarehe

Kwa miezi 17 na nusu ya safari, chombo kinazunguka nyuzi 144 kulizunguka Jua, na Mshtarii inasogea nyuzi 44. Toa: siku ya kurusha, Mshtarii lazima iwe mbele ya Dunia kwa nyuzi 100. Mpangilio huo unajirudia kila siku 399, miezi 13 hivi. Kwa Mshtarii peke yake, basi, huna haja ya kungoja sana.

Ukitaka kuunganisha sayari nyingi ndipo subira inapohitajika. Mshtarii na Zohali hurudia mpangilio wao kila baada ya miaka 20 hivi. Kwa sayari nne za nje, Gary Flandro aliona mwaka 1965, alipokuwa akifanya kazi JPL, maabara ya NASA huko California, kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 zingejipanga kwa namna inayotokea mara moja katika miaka kama 176. Miaka minne kabla yake, Michael Minovitch, mwanafunzi aliyekuwa akifanya kazi hapohapo, alikuwa ameonyesha kwa kompyuta ya IBM 7090 kwamba mvutano wa sayari unaweza kuchukua nafasi ya mafuta. Bila hesabu za vijana hao wawili, nafasi ile ingepita na kizazi kizima kisingejua kilichokosa.

Hatua ya 10: Sahihisha njiani, tena mapema

Mvutano unakuza kasi, na unakuza makosa pia. Chukua safari yetu na ukosee kilomita 1,000 tu kwenye umbali wa kupita. Pembe inabadilika kwa sehemu ya kumi ya nyuzi moja, na mwendo wa kutoka unakosewa kwa mita 20 kwa sekunde. Ni kidogo. Lakini Zohali iko miezi 20 mbele, na katika muda huo mita 20 kwa sekunde zinakuwa kilomita milioni moja.

Kwa hiyo kipimo cha mahali chombo kilipo ni kazi ya kila siku. Antena kubwa za Goldstone, Madrid na Canberra hupima mabadiliko ya masafa ya redio ili kujua mwendo, na muda wa mawimbi kwenda na kurudi ili kujua umbali. Kisha sayari ikikaribia, chombo kinapiga picha za miezi yake pamoja na nyota zilizo nyuma, ili wapime nafasi yake kwa macho. Picha ya namna hiyo ndiyo iliyompa Linda Morabito, mhandisi wa urambazaji wa Voyager, ugunduzi usiosahaulika: Machi 1979, siku chache baada ya Voyager 1 kuipita Mshtarii, aliona ukingoni mwa Io wingu lililokuwa likirushwa na volkeno hai. Ilikuwa mara ya kwanza volkeno hai kuonekana nje ya Dunia, na alichokuwa akikitafuta ni nyota za kumsaidia kusahihisha njia.

Masahihisho hufanywa kwa vijiinjini vinavyotumia mafuta ya haidrazini. Yafanye mapema kadiri inavyowezekana: mita moja kwa sekunde miezi kadhaa kabla ya kufika inafanya kazi ambayo siku ya mwisho ingehitaji mafuta usiyokuwa nayo. Na weka jingine mara tu baada ya kuipita sayari, kabla kosa lililokuzwa halijapata muda wa kukua tena.

Ukitaka kuongeza zaidi

Njia ya kwanza ni kuwasha injini ukiwa karibu kabisa na sayari. Katika safari yetu, chombo kinapita kilomita 349,000 kikiwa na 29.4 km/s ukilinganisha na Mshtarii. Ongeza 1 hapo, na ukishatoka utakuta kasi ya mbali imepanda kutoka 11.7 hadi 14. Umelipa 1, umepata 2.3. Pembe inapungua kidogo, kwa hiyo si zote zitaingia mfukoni, lakini hakuna mahali pengine njiani ambapo mafuta yana thamani hiyo.

Njia ya pili ni sayari ya pili. Voyager 1 iliipita Zohali tarehe 12 Novemba 1980, ikasukumwa tena, na leo inakwenda kwa 17 km/s. Hapo palikuwa na uamuzi mgumu: wataalamu walitaka kuuona kwa karibu Titan, mwezi wenye angahewa nzito, na njia ya kuupita ilikikunja chombo kama nyuzi 35 juu ya bapa la sayari. Ziara ya sayari iliishia pale. Mimi naona walichagua vizuri, kwa kuwa Voyager 2 ilibaki na njia ya kuendelea, ikafika Uranus Januari 1986 na Neptuni Agosti 1989.

Na Neptuni inatufundisha kwamba si kila sayari inayopitwa huongeza kasi. Ili kuuona mwezi Triton, Voyager 2 ilipitishwa kama kilomita 5,000 tu juu ya ncha ya kaskazini ya Neptuni, na kwa Jua mwendo wake ulipungua. Ilikuwa na akiba ya kutosha, ndiyo maana imeendelea: Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa Jua na kuingia anga za kati ya nyota tarehe 25 Agosti 2012, na Voyager 2 tarehe 5 Novemba 2018.

Jipime

Rudia hatua ya 6 na ya 7 kwa umbali wa Voyager 2, kilomita 722,000, ukibaki na kasi ileile ya kukaribia ya 11.69. Ukifanya sawasawa utapata pembe ya nyuzi 68, kasi ya kutoka 22.5 km/s, na kasi ya mbali kabisa na Jua 12.9 km/s. Ukipata tofauti, angalia kwanza kama kikokotoo kimewekwa kwenye nyuzi na si radiani, kisha angalia alama ya kutoa kwenye 5.37.